Chini ya Manyoya

Saa mbili usiku simu inalia, kutoka wodi ya wanaume, Nakuru.
Nauliza hali. Hilo halijibu.
"Chelimo, maji yake umeyapasha?"
Nimeyapasha, baba. Vuguvugu, ya kumwogeshea mtoto,
na chumvi kidogo, ya kushikwa kwa vidole viwili.
"Maana maji ya sakitu hatayagusa,
na asipokunywa, nyasi kavu itamkwama,
na ikimkwama, tumbo litajisokota,
na tumbo likijisokota usiku, Molo hii, Julai hii…"
Anakohoa. Nasubiri amalize.
Hamalizi. "Weka sikio ubavuni," asema, "pande zote mbili.
Tumbo zima hunguruma. Ukisikia kimya, mwite Sigei."

Karanga ni farasi mfupi, mgongo wake unafika kidevuni mwangu.
Meno yake yanasema miaka ishirini na tano;
baba husema meno nayo husingizia watu.
Alilipwa farasi huyu shamba la pareto lilipouzwa,
badala ya mishahara ya miezi mitano.
"Ng'ombe ungekamua," kakangu Kibii hajachoka kusema,
"huyu utamkamua nini?"
Pasaka watoto humpanda kwa shilingi hamsini, mzunguko mmoja wa kanisa.
Julai hapandwi na mtu. Julai anakula tu, na kupumua moshi.

Asubuhi viazi vimeamka na mvi.
Kufikia saa nne majani yameungua, meusi,
na watu wa kule chini hawaamini kwamba baridi nayo huunguza.
Nachokora matope kwenye kwato, moja, mbili, tatu;
ya nne ananinyima, kama kawaida, mpaka nimtukane kwa upole.
Namwaga takataka za mbao kutoka Elburgon, kavu, za kina cha kiganja.
Pumba nimeiloweka tangu jana, magego yamekwisha.
Blanketi simfuniki akiwa amelowa:
"Utakuwa unampika," baba alinionya,
"umfute kwa gunia kwanza, mpaka manyoya yasimame."

Manyoya! Mwezi huu amefura kama kondoo wa maonyesho.
Wapitao njia husema, huyu amenona, mmemlisha nini?
Ila baba alinifunza nikiwa darasa la tatu,
akaushika mkono wangu, akauzamisha:
"Jicho litakwambia mnene. Usilisikilize jicho.
Tia vidole chini ya manyoya, utafute mbavu.
Ukizigusa kwa kubonyeza, sawa.
Zikikugusa zenyewe, mwongeze chakula, tena usingoje kesho."

Jumamosi nateremka Nakuru na chupa ya chai.
Namkuta ameketi kitandani, sweta mbili,
na juu yake lile koti la kazini lenye harufu ya zizi,
ambalo wauguzi wamechoka kumvua.
"Unaona?" anajipiga kifua. "Nimenenepa."
Mgonjwa wa kitanda cha pili anaitikia, ndiyo, mzee amenawiri.

Nasema nakutengeneza kola.
Napitisha vidole, koti, sweta, sweta, fulana.
Hazikungoja nibonyeze.
Baba anageuza uso dirishani,
vilevile Karanga anavyotazama pembeni nikifika kwato ya nne.

Kikombe chake cha maji kimejaa tangu asubuhi.
"Ni baridi," anasema, kama mtoto aliyekamatwa.

Naenda jikoni kwa wapishi, naomba, nabembeleza,
narudi na maji vuguvugu.
Chumvi ninayo mfukoni, kwenye karatasi,
nilisahau kuiacha zizini.
Anainusa kwanza. Anakunywa taratibu, macho mlangoni,
na kati ya mikupuo miwili anauliza
nani anamlisha saa hizi.
Kibii, namjibu.
Anacheka hadi kikombe kinatikisika.
"Kibii! Amempa nini?"
Karoti, baba. Amezikata mwenyewe, kwa urefu,
asije akakabwa.